Ukungu wa Serikali

Katika nchi ya Kwetukule, ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani kwa kuwa ramani yenyewe ilikwisha kufunikwa (mpaka wake wa kusini una bonde lenye umbo ambalo Wizara ililitilia shaka), aliishi bwana mmoja mwadilifu, jina lake Kibwana Mlekwa. Bwana huyu alikuwa mtumishi wa Runinga ya Taifa. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kutayarisha picha za utabiri wa hali ya hewa. Alibandika jua mahali pa jua na wingu mahali pa wingu, na mvua ikinyesha mahali alipobandika jua, hakuna aliyemlaumu, maana watu wa Kwetukule walikwisha kuzoea kwamba taarifa ni kitu kimoja na hali ni kitu kingine.

Jambo lililombadilishia maisha lilianzia kwenye sahani ya wali. Sahani hiyo ilikuwa ya Mheshimiwa Dakta Lusajo Ng'winamila, Waziri wa Staha na Mwonekano wa Jumla. Mheshimiwa alikuwa akila chakula cha jioni mbele ya runinga, akitazama kipindi cha muziki kwa ajili ya kukilaani, ndipo mwimbaji mmoja alipogeuka kwa kasi na goti lake likaonekana. Lilikuwa goti la kawaida, kama yale ambayo Mwenyezi Mungu huwapa watu mawili mawili. Lakini Mheshimiwa alipaliwa na wali, akapigwa mgongoni na mkewe hadi akarudiwa na pumzi, na asubuhi akaita waandishi wa habari.

"Ndugu zangu," alisema, "jana goti limeingia sebuleni kwangu bila kubisha hodi."

Waandishi walipiga makofi, kisha wakaandika. Katika Kwetukule makofi hutangulia. Mheshimiwa akaeleza kwa kirefu, kwa njia ya sayansi, jinsi uovu unavyosafiri. Runinga ni kioo, alisema. Binti hukitazama kioo jioni, na asubuhi huvaa kile alichokiona. Akiona goti, naye atatoa lake. Akiona bega, taifa litaamka na mabega matupu njia nzima. Kwa hiyo dawa si kuwafukuza mabinti barabarani, kazi inayochosha askari. Dawa ni kukisafisha kioo, na mabinti watasafika wenyewe.

Mwandishi mmoja, ambaye bado alikuwa mgeni kazini, aliuliza kama magoti ya wacheza mpira nayo yatafunikwa. Mheshimiwa alimwonea huruma. Alimfafanulia kwamba magoti ya wanaume ni magoti ya kazi, na kazi haina aibu. Mwandishi akashukuru, akakaa, na tangu siku hiyo hakusikika tena.

Amri ikatoka kwamba kila kitu cha mwanamke chenye kuleta maswali kifunikwe kwa ukungu kabla hakijafika hewani. Kikaundwa chombo kipya kabisa serikalini, Kitengo cha Ukungu. Ilitakiwa kikabidhiwe mtaalamu, na walipopekua watumishi wote wa taifa, walimpata mtu mmoja tu aliyewahi kufanya kazi na mawingu.

*

Bwana Kibwana aliipokea kazi hiyo kwa unyenyekevu na kwa suti mpya. Alipewa kiti kinachozunguka, chumba chenye mapazia mazito, na vijana wawili wa kubonyeza mitambo, ambao yeye aliwaelekeza kwa rula. Akigusa kioo kwa rula na kusema "hapa", mahali pale palivimba vijiraba vya kijivu, yaani miraba midogo midogo, vikachezacheza kama mvuke wa birika, na taifa likawa limeokoka kwa upande ule.

Kulikuwa na ugumu mmoja wa kitaalamu ambao Wizara haikuupenda kuuzungumza. Ili kufunika, sharti kwanza mtu aone. Kwa hiyo kila siku Bwana Kibwana alikaa akatazama, kwa niaba ya wananchi, kila kitu ambacho wananchi hawakupaswa kukitazama, akirudia mara kadhaa pale penye mashaka. Alirudi nyumbani macho yamemwiva. Mkewe, Bi Havijawa, alimwekea kitambaa cha maji baridi usoni na hakumuuliza kitu, ingawa namna alivyokikamua kile kitambaa ilikuwa na maneno yake.

Mwanzoni ukungu ulikaa magotini. Lakini Mheshimiwa Waziri alipima mafanikio kwa kuenea. Ilipopita wiki moja yenye magoti machache, alipiga simu kuuliza kama Kitengo kimelala. Bwana Kibwana, ambaye hakuwahi kuitwa mvivu, akapanda mabegani. Mabega yakaisha, akafunika viwiko. Viwiko vikaisha, akaanza kufunika mabega yaliyokwisha kufunikwa na nguo, kwa hoja kwamba bega likiwa ndani ya nguo halijaacha kuwa bega. Msomaji wa taarifa ya habari, dada mmoja mpole aliyefunga vifungo vya koti hadi kidevuni, alifunikwa kuanzia kidevu hadi mezani, kisha kwa tahadhari ikafunikwa na miguu ya meza. Katika kipindi cha mapishi, kuku aliyenyonyolewa aliwekewa ukungu, ikawa akina mama wanajifunza kukaanga kwa kusikiliza. Sanamu ya Mama wa Uhuru, iliyosimama katikati ya mji mkuu na kifua chake cha saruji tangu bendera ilipopandishwa, nayo haikupona.

Wizara ikasifu. Hakuna aliyekumbuka kujiuliza swali dogo, kwamba ni nani hasa alikuwa akionekana kwenye ule ukungu. Bibi wa kwaya hakuwekewa. Mama wa kutangaza sabuni hakuwekewa. Ukiacha kuku na sanamu, waliowekewa ni waimbaji, waigizaji, wasomaji wa habari, na wale mabinti ambao picha zao mabinti wenzao huzibandika ukutani. Kila aliyependwa alitoka hewani amevaa kijivu kinachochezacheza. Kila asiyependwa alitoka kama alivyo. Na mabinti wa Kwetukule walikuwa wakitazama, kama Mheshimiwa Waziri alivyosema kwa njia ya sayansi kwamba wanatazama.

*

Hapo ndipo anapoingia fundi Chiduo, mshonaji wa soko kuu, mtu asiye na hatia yoyote.

Katika Kwetukule hakuna msichana anayemweleza fundi kwa maneno. Humfungulia simu, humwonyesha picha, na kumwambia, "Fundi, nishonee hivi hivi, usipunguze kitu." Na mafundi, kwa kuwa huko nyuma walipunguza wakatukanwa mbele ya wateja wengine, sasa hushona walichokiona. Binti wa kwanza alipoleta picha ya mwimbaji iliyochukuliwa kwenye runinga, fundi Chiduo aliitazama kwa kuisogeza na kuirudisha, akauliza hivi vijiraba vya kiunoni na mabegani ni doa la simu au ni nini.

"Huo ndio mshono wenyewe," binti akamjibu. "Ukiuacha huo, bakia na gauni lako."

Fundi akashusha pumzi. Akakata vipande vya rangi ya majivu, rangi ya chai ya maziwa na rangi ya jiwe, kila kimoja mraba mdogo, akavishona kimoja kimoja bega kwa bega kama vigae, pembeni akaacha nyuzi zikining'inia ili vichezecheze mtu anapotembea. Akalipiga pasi gauni, akalitundika mbele ya kibanda. Kabla jua halijatua, foleni ya wasichana ilikuwa imefika kwa wauza dagaa.

Sasa, namwomba msomaji aelewe gauni hilo lilivyokuwa. Lilikuwa la kitenge kizito, lenye bitana, likiburura kisiginoni, mikono hadi kwenye vifundo. Juu ya hayo yote ndipo vikaja vijiraba. Tangu nchi hiyo iwe nchi, hakujawahi kuwa na mabinti waliofunikwa kiasi hicho. Walitokwa jasho kama masufuria. Kama staha ni kufunika, basi Kwetukule ilikuwa imefika kileleni na ingeweza kupumzika.

Lakini wananchi walikuwa wamefundishwa na runinga yao, tena kwa bidii, kwamba palipo na ukungu pana jambo. Binti mwenye gauni refu lisilo na vijiraba alipita bila kutazamwa. Akipita mwenye vijiraba, muuza machungwa alimenya kidole. Mzee mmoja kwenye foleni ya hospitali alijifunika macho kwa viganja kwa mshtuko, kisha akatanua vidole ili ajue anaepuka nini. Wake waliwavuta waume zao. Viongozi wa mtaa walilalamika kwamba watoto wa watu wanatembea uchi, na walipoulizwa uchi wa wapi, walielekeza kidole pale penye nguo mbili.

Mheshimiwa Waziri akaita tena waandishi. Safari hii alikuwa na huzuni.

"Zamani walivaa vibaya," alisema. "Sasa wanavaa kilichofichwa."

Akatangaza kwamba ukungu ni mali ya serikali, sawa na nembo ya taifa, na raia hana ruhusa ya kuukata, kuushona wala kutembea nao. Wakaundwa Askari wa Staha, waliopewa filimbi na mablanketi. Wakimkuta binti mwenye vijiraba, wanapuliza filimbi ili watu wote wageuke, kisha wanamfunika blanketi ili watu wote wasione. Fundi Chiduo alifungiwa kibanda. Alijitetea kwamba alishona kitu alichokiona kwenye chombo cha serikali, akaambiwa kwamba kitu cha serikali huonwa, hakiigwi.

*

Bwana Kibwana alikuwa na binti mmoja, Mwamvita. Alikuwa anamaliza chuo cha ualimu. Tangu ana meno ya utoto aliwakalisha watoto wa majirani kwenye kibaraza na kuwafundisha kuhesabu kwa visoda, na aliyekosea alirudia, hata kama ni mkubwa kuliko mwalimu. Mahafali yalikuwa karibu, na kazi ilikuwa inamngojea katika shule ya msingi ya huko huko mjini. Hakutaka kitu kingine duniani.

Walimkamata kwenye lango la chuo, akienda kwenye sherehe ya kuagana na wenzake. Filimbi, watu kugeuka, blanketi. Ofisi ya Staha ilimrudisha nyumbani amejifunga kanga ya kuazima, gauni lake la vijiraba likabaki kama ushahidi. Akaambiwa shauri lake litasikilizwa na Baraza la Staha, na akasomewa sheria polepole ili isimpite. Mwalimu akitiwa hatiani kwa jambo la staha, hapewi cheti, wala hasimami mbele ya watoto maisha yake yote.

Bwana Kibwana alimkuta sebuleni. Alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, akatoa yale ya juu.

"Mwamvita, katika nguo zote ulizonazo, hukuona nyingine?"

"Nilivaa ya heshima kuliko zote, baba. Hata kidole cha mguu hakikuonekana."

"Ina ukungu."

"Na ukungu si ndio heshima? Yule mwimbaji ulimwekea wa nini?"

Bwana Kibwana akakohoa. Alisema kwamba hilo ni suala la kitaalamu, lina pande nyingi, na haliwezi kuelezwa kwa mtu ambaye hajapitia mafunzo. Bi Havijawa alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mjibu mtoto, Baba Mwamvita. Na mimi nasubiri hapa."

"Nimesema ni suala la kitaalamu."

"Haya, mtaalamu wangu. Chakula chako kipo mezani. Nimekifunika vizuri, usije ukakiona."

Mwamvita alicheka, kisha kicheko kikamgeukia, akainamisha uso kwenye ile kanga ya kuazima. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na Bwana Kibwana, mtu aliyeyatazama mabega kuliko mtu yeyote katika taifa lile, hakujua afanye nini na hayo mawili.

Siku iliyofuata aliitwa Wizarani. Mheshimiwa Waziri alimkaribisha kwa chai. Alisema anajua kwamba mtuhumiwa ni mwanawe, na kwamba hiyo si aibu hata kidogo, bali ni bahati. Serikali ilihitaji shahidi mtaalamu wa kulieleza Baraza ukungu ni kitu gani, na mtaalamu ni mmoja. Taifa likimwona baba akimtoa mwanawe kwa ajili ya staha, nani tena atathubutu kuficha wa kwake? Akamgusa goti, kwa kuwa ni goti la kazi, akamnong'oneza kwamba kuna kiti cha Kamishna wa Ukungu nchi nzima, kina gari, na hakijapata mtu.

"Utasema maneno machache tu," Mheshimiwa alimwambia. "Huu ni ukungu. Na chini ya ukungu kuna kitu. Ukishasema hivyo, shuka ukanywe maji."

Bwana Kibwana alitoka ameshika kofia kwa mikono miwili. Alikuwa mtu aliyepanda kazini kwa kusema ndiyo, na wala halikumpata jambo baya kwa sababu hiyo hadi siku ile.

*

Mwenyekiti wa Baraza la Staha alikuwa Bi Eustella Mbarazi, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya wasichana. Mheshimiwa alimteua mwenyewe baada ya kusikia kwamba ni mkali. Habari hiyo ilikuwa sahihi. Kasoro yake ni kwamba Mheshimiwa hakuuliza ni mkali kwa nani.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Serikali iliomba nguo iletwe kama ushahidi. Wakili wa serikali akakumbusha kwamba kwa mujibu wa amri, nguo hiyo hairuhusiwi kuonekana. Baada ya majadiliano wakakubaliana kwamba isiletwe yenyewe, ila ionyeshwe kwenye runinga kubwa iliyowekwa ukumbini. Lakini chochote kipitacho kwenye runinga hupitia Kitengo cha Ukungu, na vijana wa Bwana Kibwana hawakutaka kukosea mbele ya Waziri. Kioo kikawaka kijivu kitupu, kutoka ukingo hadi ukingo, kikichezacheza.

"Nguo iko wapi?" akauliza Mwenyekiti.

"Ndani ya ukungu, Mama Mwenyekiti," wakili akajibu.

"Na ule ukungu unaoshtakiwa?"

"Nao umo ndani ya ukungu."

Bi Eustella alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliagiza mtambo uzimwe na gauni liletwe kwa mkono, na atakayeona haya atoke nje. Hakutoka mtu. Badala yake waliokuwa nje waliingia. Gauni likatandazwa mezani, zito kama godoro, na watu wakanyoosha shingo, wakarudi kukaa polepole.

Bwana Kibwana akaitwa. Aliapa. Aliulizwa kama anakitambua kile kijivu, akasema anakitambua, ni ukungu, umeigwa vizuri, labda tu kwenye pindo vijiraba vimekuwa vikubwa kidogo. Mheshimiwa Waziri, aliyekaa mbele kama mlalamikaji mkuu wa mashauri yote ya aina hiyo, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kabla wakili hajafika kwenye swali la pili, Mwenyekiti alisema mtuhumiwa naye ana haki ya kumwuliza shahidi swali, tena moja, kwa sababu joto ni kali.

Mwamvita akasimama. Bwana Kibwana alikuwa amekesha akijiandaa kwa maswali magumu, ya mitambo, ya kanuni na vifungu vyake. Binti hakuuliza hata moja kati ya hayo.

"Baba, chini ya huo ukungu kuna nini?"

Bwana Kibwana alimtazama Waziri, na Waziri akainua nyusi kumkumbusha. Akalitazama gauni. Akamtazama binti yake, aliyesimama mikono nyuma, kidevu juu kidogo, namna ile ile aliyosimama kwenye kibaraza akimsubiri mtoto wa jirani ahesabu upya. Ilimjia kwamba akisema maneno mawili aliyotumwa, mtoto huyu hatasimama mbele ya watoto kamwe. Na ilimjia, kwa mara ya kwanza tangu apewe rula, kwamba swali lile analijua jibu lake kuliko mtu yeyote nchini, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa akitazama.

"Kitambaa," alisema.

Wakili wa serikali akaruka. "Shahidi, fikiri vizuri. Na chini ya kitambaa?"

"Bitana."

"Na chini ya bitana?"

"Mwanangu."

Wakili alibaki na kidole hewani, akakitazama, akakishusha.

Kisha Bwana Kibwana, kama mtu aliyekwisha kufungua bomba na haoni tena sababu ya kulifunga, akaendelea bila kuulizwa. Alisema hata kule kwenye runinga ni hivyo hivyo. Alianza na magoti, ndiyo, lakini magoti yaliisha zamani, na tangu hapo alichokuwa akifunika ni makoti, blauzi, mitandio na samani. Minong'ono ikapanda. Watu walioketi jioni nyingi mbele ya ukungu ule, wakiwazia makubwa, walijiona wameibiwa. Bwana mmoja mnene aliyekaa kwenye kiti cha nyuma akasimama kwa uchungu.

"Hata yule wa kipindi cha mapishi, usiku wa Alhamisi?"

"Yule ni kuku, ndugu yangu," Bwana Kibwana akamjibu kwa upole.

Bwana yule akakaa, na mkewe akasogea mbali naye.

Bi Eustella akagonga meza. Alisema Baraza linafuata sheria, wala halifuati kelele, akaomba asomewe amri. Karani akasoma: "Mahali popote utovu wa staha utakapokutwa, mahali hapo pafunikwe mara moja." Mwenyekiti akamshukuru, akamgeukia mlalamikaji mkuu.

"Mheshimiwa, wewe ulipoliona gauni hili, ulikuta utovu wa staha?"

"Nilikuta, tena mwingi mno," Waziri akajibu.

"Kwenye kitambaa?"

"Hapana, kitambaa ni kitambaa tu."

"Kwenye bitana?"

"Bitana sikuiona, Mama Mwenyekiti."

"Kwenye mwili wa mtoto wa watu?"

"Mwili haukuonekana. Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Mtu unauona ule ukungu, na picha nzima inakuja hapa," na Mheshimiwa, kwa kutaka aeleweke vizuri, akagonga paji la uso wake kwa kidole.

"Hapo," akasema Mwenyekiti.

"Hapa hapa."

"Karani, andika mahali."

Mwamvita akaachiwa siku ile ile, cheti chake kisizuiwe. Utovu wa staha ulikuwa umekutwa, mahali pake pametajwa na mlalamikaji mwenyewe kwa kidole, na amri ilikuwa na sahihi yake.

*

Sheria ni sheria, hata huko Kwetukule inapotokea kwa bahati mbaya. Askari wa Staha walimfunika Mheshimiwa kichwa kwa blanketi palepale ukumbini, wakapuliza filimbi kwa mazoea. Alipojigonga kwenye mlingoti wa bendera mara ya pili, Baraza likamhurumia, likapunguza adhabu. Badala ya blanketi, miwani. Ikaagizwa itengenezwe miwani ya kioo cha ukungu, ivaliwe na kila mtu ambaye kazi yake humkutanisha na utovu wa staha kichwani, kuanzia Waziri hadi mtu wa mwisho wa Wizara. Kitengo kikaondolewa kwenye runinga, kikahamishiwa kwenye miwani.

Mwanzoni Mheshimiwa alilalamika. Baada ya muda mfupi akabadilika. Alitembezwa mjini kwenye gari lake, akatazama kulia na kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu aingie madarakani hakuona goti hata moja. Hakuona bega. Hakuona mashimo ya barabara wala watu waliokuwa wakimpungia kwa namna isiyofaa. Akaita waandishi na kuwatangazia, akiwa amelielekea dirisha, kwamba taifa limesitirika kikamilifu. Waandishi wakapiga makofi, kisha wakaandika. Mabinti walipoona kwamba ukungu sasa unavaliwa puani na wazee wa Wizara, waliubandua kwenye magauni yao ndani ya juma moja, na fundi Chiduo, aliyefunguliwa kibanda, akashona vifungo vikubwa, kwa kuwa ndivyo vilivyoonekana kwenye simu wakati huo.

Mahafali ya chuo cha ualimu yakafika, na mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Waziri. Bwana Kibwana alikaa safu ya watumishi wa Wizara, amevaa miwani yake kama wenzake wote. Mbele yake kulikuwa na kijivu, na ndani ya kijivu sauti. Aliusikia wimbo wa taifa. Akasikia majina yakiitwa, na kila jina likifuatiwa na kimya kidogo, ambacho ni Mheshimiwa akitafuta mkono wa mhitimu. Wawili walikwisha kupokea vyeti vyao kwa kuinama kuviokota.

"Mwamvita Kibwana Mlekwa."

Bi Havijawa, aliyekaa upande wa wazazi, alipiga kigelegele kilichofika barabarani. Mheshimiwa akanyoosha cheti kwa heshima zote kwenye kipaza sauti, akakipa pongezi, akakiasa kiwe mfano kwa watoto. Bwana Kibwana alisikia watu wakicheka, na hakujua wanacheka nini.

Akaivua miwani, akaitia mfukoni.

Binti alikuwa jukwaani, kwenye gauni la bluu lililoishia chini kidogo ya magoti. Alisubiri hotuba ya kukiasa kipaza sauti imalizike, maana ana adabu, kisha akamshika Mheshimiwa mkono taratibu, akaugeuza upande wake, akachukua cheti. Bwana Kibwana alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, na haikumjia kutafuta pa kufunika. Alisimama peke yake katika safu nzima ya watu waliotulia kwa miwani, akapiga makofi hadi viganja vikamwasha.